Ukristo ulianzaje, ulikuaje, na unaamini nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na Wakristo na wasio Wakristo. Mengine huulizwa kwa hamu ya kujua, mengine kwa hamu ya kubishana, na yote yanastahili jibu la kweli. Shina lake, kwa maoni yangu, ni swali ambalo Yesu mwenyewe aliwauliza wanafunzi wake karibu na Kaisaria Filipi: ninyi mnasema mimi ni nani? Mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu), kanuni za imani na mafarakano mengi utakayoyasoma hapa chini yalizaliwa watu walipojaribu kulijibu.

Ukristo ulianza wapi na lini?

Ulianza miongoni mwa Wayahudi wa Palestina waliotawaliwa na Roma, katika miaka ya 30 ya karne ya kwanza. Yesu wa Nazareti alihubiri hasa Galilaya, nchi ya wakulima na wavuvi upande wa kaskazini, akasulubiwa Yerusalemu, mji wa Hekalu. Kwa hesabu ya wanahistoria wengi alizaliwa kabla Herode Mkuu hajafa mwaka wa 4 KK, kwa hiyo mtawa Dionysius Exiguus, aliyepanga hesabu yetu ya miaka katika karne ya 6, alikosea kwa miaka michache. Kifo chake kilitokea Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Uyahudi, kati ya mwaka 26 na 36 BK. Miaka inayotajwa zaidi ni 30 na 33.

Kwa kawaida habari ingeishia hapo. Warumi waliwasulubu watu wengi, wakiwamo waliotazamiwa kuwa wakombozi, na kiongozi akishakufa wafuasi hutawanyika. Wafuasi wa Yesu nao walitawanyika, lakini muda mfupi baadaye walirudi wakisema hadharani, mjini mle mle alimouawa, kwamba Mungu amemfufua. Mtu anaweza kukubali au kukataa walichokisema. Asichoweza ni kueleza mwanzo wa Ukristo bila kukitaja.

Je, nje ya Biblia kuna ushahidi kwamba Yesu aliishi?

Upo. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza, anasimulia kuuawa kwa Yakobo, akimtambulisha kuwa ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Ana pia kifungu kirefu zaidi kuhusu Yesu mwenyewe, ila hicho wataalamu wengi wanaona kiliongezwa maneno na wanakili wa Kikristo. Mroma Tacitus, mwanzoni mwa karne ya 2, anasema Kristo aliuawa na Pilato enzi ya Kaisari Tiberio. Naye hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wakristo, maana aliidharau imani yao. Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale katika Kaisaria ya pwani walipata jiwe lenye jina la Pilato mwenyewe.

Ushahidi huu unathibitisha kwamba mtu huyo aliishi, alikuwa na wafuasi, na aliuawa. Ufufuo wake ni jambo la kuaminiwa au kukataliwa. Hakuna jiwe litakaloamua hilo.

Yesu alikuwa Mkristo?

Hapana. Alizaliwa Myahudi, akatahiriwa, akafundisha katika masinagogi, akapanda Yerusalemu kwa sikukuu, akafa Myahudi. Wafuasi wake wa kwanza walijiita watu wa Njia. Jina "Wakristo" lilianzia Antiokia ya Shamu, kama kinavyosema kitabu cha Matendo ya Mitume.

"Kristo" ni neno la Kigiriki lenye maana ileile ya "Masihi": aliyepakwa mafuta. Lilikuwa cheo, likaja kuzoeleka kama jina. Na tunapozungumzia maneno, "Injili" ya Kiswahili ilitoka Kigiriki, ambako maana yake ni habari njema, ikapitia Kiarabu ndipo ikatufikia. "Kanisa" nalo lilitujia kupitia Kiarabu, na asili yake ya Kiaramu ni kusanyiko la watu. Jengo lilifuata baadaye.

Mwanzilishi wa Ukristo ni Yesu au Paulo?

Swali hili linapendwa sana, na ni zuri, kwa sababu maandishi ya kale kuliko yote ya Kikristo tuliyonayo ni ya Paulo. Waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike uliandikwa karibu mwaka 50, kabla ya Injili yoyote kati ya zile nne. Lakini soma anachosema mwenyewe. Katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho anawakumbusha kwamba aliwapa lile ambalo yeye pia alilipokea: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akawatokea Petro na wale Thenashara. Mtu hawezi kupokea kitu alichokibuni mwenyewe. Na kabla ya hapo, alipokuwa bado anaitwa Sauli, aliwatesa watu walioamini mambo hayohayo. Imani ilimtangulia.

Alichofanya Paulo ni kikubwa kwa namna nyingine. Watu wasio Wayahudi walipoanza kuamini, lilizuka swali gumu: je, watahiriwe na kushika Torati yote kwanza? Wengine walisema ndiyo, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa Yesu mwenyewe alikuwa ametahiriwa. Paulo alikataa kabisa. Karibu mwaka 49 wakuu walikutana Yerusalemu, Petro na Yakobo wakiwapo, wakakubaliana kutowatwika watu wa mataifa mzigo huo. Uamuzi huo ndio uliowezesha imani kuvuka mpaka wa taifa moja. Kama ungekwenda upande wa pili, sidhani kama ukurasa huu ungekuwapo.

Kwa nini kuna Injili nne badala ya moja?

Kwa maoni ya wataalamu wengi, Marko aliandika kwanza, karibu mwaka 70, wakati ambapo Warumi walibomoa Hekalu la Yerusalemu. Mathayo na Luka walifuata wakimtumia Marko pamoja na kumbukumbu nyingine, na Yohana akaja mwishoni mwa karne. Kila mmoja aliandikia watu wake na alikuwa na jambo lake la kusisitiza.

Tofauti kati yao zilionekana tangu mwanzo. Katika karne ya 2 Msiria mmoja, Tatian, alizishona Injili zote nne kuwa simulizi moja laini, na makanisa ya Kisiria yaliitumia kwa muda mrefu. Hata hivyo Kanisa kwa jumla lilichagua kubaki na nne, pamoja na mikwaruzo yake yote. Kwangu hiyo ni dalili ya uaminifu: mashahidi wanne wasiofanana neno kwa neno waliachwa waseme kila mmoja kwa sauti yake.

Nani aliamua vitabu vya Biblia, na kwa nini Biblia hazilingani?

Huambiwa mara nyingi kwamba vilipigiwa kura katika Mtaguso wa Nisea, mwaka 325. Si kweli, Nisea haikushughulikia orodha ya vitabu.

Kazi hiyo ilifanyika polepole. Karibu mwaka 144 Marcion, aliyekuwa na mali nyingi za meli, alifika na orodha yake: sehemu ya Luka, nyaraka za Paulo, na Agano la Kale likatupwa lote. Kanisa la Roma lilimfukuza na kumrudishia fedha alizokuwa ametoa. Kishindo chake kiliwalazimisha wengine kusema wazi wanasoma nini ibadani na kwa nini. Vigezo vilikuwa vya kawaida tu: je, kitabu kina mizizi kwa mitume, kinapatana na imani iliyopokewa, na kinasomwa katika makanisa mengi? Vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tulivyonavyo, vinatajwa vyote pamoja bila kupungua wala kuzidi katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Tofauti za leo ziko katika Agano la Kale. Wakristo wa kwanza walitumia sana tafsiri ya Kigiriki, iliyokuwa na vitabu kama Tobiti, Yudithi, Hekima na Wamakabayo, ambavyo havimo katika Biblia ya Kiebrania. Wakatoliki wanavikubali na kuviita vya deuterokanoni, hivyo Biblia yao ina vitabu 73. Waprotestanti walirudi kwenye orodha ya Kiebrania, wakabaki na 66. Waorthodoksi wa Ethiopia huhesabu 81.

Kwa nini Wakristo wa kwanza waliteswa?

Si kwa sababu walimwabudu Mungu mpya. Roma ilikuwa na miungu tele na haikuona shida kuongeza mwingine. Shida ni kwamba Wakristo walikataa kuwaabudu wengine wote, na dola iliamini kwamba sadaka kwa miungu ndizo zinazolinda mvua, mavuno na ushindi vitani. Aliyekataa kufukiza uvumba alionekana kama msaliti anayehatarisha majirani zake.

Mateso hayakuwa ya mfululizo. Kaisari Nero aliwaua Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64, akiwabebesha lawama ya kuuwasha. Baadaye yalikuja kwa vipindi, mahali hapa na pale. Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza kila raia atoe sadaka na kupewa hati ya kuthibitisha, na baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Mateso makali kuliko yote yalianza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletian.

Katika habari zote za wafia dini, inayonigusa zaidi ni ya Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 203. Perpetua, mama kijana aliyekuwa bado ananyonyesha, alifungwa pamoja na mtumwa Felista, aliyekuwa mjamzito na akajifungua gerezani. Perpetua aliandika kumbukumbu zake mle kifungoni, na zimetufikia. Alimwonyesha baba yake chombo cha maji akamwuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Basi nami, akasema, siwezi kujiita kitu kingine isipokuwa nilicho: Mkristo.

Kwa nini msalaba, chombo cha kuulia, uwe ishara ya imani?

Swali hili liliwashangaza Warumi pia. Katika kilima cha Palatino, Roma, umepatikana mchoro uliochimbwa ukutani kwa dhihaka, unaoonyesha mtu akimwabudu aliyesulubiwa mwenye kichwa cha punda. Chini yake imeandikwa kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Kusulubiwa kulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Kudai kwamba Mungu alijifunua hapo kulikuwa aibu, na Wakristo wa mwanzo walitumia zaidi ishara za samaki, nanga au mchungaji aliyebeba kondoo. Msalaba ulienea kama nembo ya hadharani baada ya dola kuacha kuwatesa.

Je, Kaisari Konstantino ndiye aliyegeuza Yesu kuwa Mungu na kuanzisha ibada ya Jumapili?

Hapana, na tarehe zinatosha kuonyesha hivyo. Karibu mwaka 112, miaka 200 kabla yake, liwali Plinius wa Bithinia alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko siku maalumu na kumwimbia Kristo kama Mungu. Katikati ya karne hiyo Justino wa Roma alieleza jinsi walivyokusanyika siku ya jua, wakasoma maandiko, wakasali na kushiriki mkate na divai, kwa kuwa ndiyo siku ya ufufuo. Konstantino aliifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko kwa sheria mwaka 321. Hakuianzisha.

Alichobadilisha ni uhusiano wa Kanisa na serikali. Mwaka 311 Kaisari Galerius alisitisha mateso. Mwaka 313 Konstantino na Licinius, mtawala mwenzake, walikubaliana Milano kuwapa watu wote uhuru wa kuabudu. Mali za Kanisa zilirudishwa, makanisa makubwa yakajengwa, maaskofu wakawa watu wa ikulu. Konstantino mwenyewe alibatizwa karibu na kufa kwake mwaka 337. Mwaka 380 Kaisari Theodosi alifanya imani ya Nisea kuwa ya dola. Ndani ya miaka 70 hivi waliowindwa wakawa karibu na wenye mamlaka, na wengine wakayatumia dhidi ya wasioamini kama wao. Naona huo kuwa ushindi ulioleta pia hasara, na Kanisa limeilipia hasara hiyo kwa karne nyingi.

Nisea kulitokea nini?

Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni mkuu kuliko viumbe vyote lakini naye ni kiumbe: palikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Mafundisho yake yalieleweka kwa urahisi na yalipata wafuasi wengi. Mwaka 325 Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, katika Uturuki ya leo. Idadi ya jadi ni 318. Baadhi yao walikuja na makovu ya mateso.

Walitamka kwamba Mwana amezaliwa bila kuumbwa na ni wa asili moja na Baba. Sababu yake si ya kifalsafa tu, na Atanasi aliieleza vizuri maisha yake yote: kama Yesu ni kiumbe, hata kiumbe bora, basi hawezi kutuunganisha na Mungu, na Wakristo wamekuwa wakimwabudu asiyestahili kuabudiwa. Ugomvi haukuisha siku ile. Makaisari waliofuata walimwunga mkono mara huyu mara yule, na Atanasi alifukuzwa jimboni kwake mara tano. Mtaguso wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola upande wa mashariki, mwaka 381 ulithibitisha imani ya Nisea na kuongeza maneno kuhusu Roho Mtakatifu. Kanuni hiyo husomwa mpaka leo na Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi.

Basi Utatu maana yake ni miungu watatu?

Hapana. Ukristo ulirithi kwa Wayahudi ungamo kwamba Mungu ni mmoja, na haukuliacha. Utatu ni jaribio la kusema mambo matatu bila kuacha lolote: Mungu ni mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kila mmoja ni Mungu, na Baba si Mwana, wala Mwana si Roho. Neno lenyewe kwa Kilatini tunaliona kwanza kwa Tertuliano wa Karthago, mapema katika karne ya 3.

Mifano ya maji, mvuke na barafu, au ya jani lenye sehemu tatu, huchanganya kuliko inavyosaidia. Ninaona afadhali kuanzia kwenye sala: Mkristo husali kwa Baba, kwa njia ya Mwana, akisaidiwa na Roho, na haamini kwamba amesali kwa watatu tofauti. Fundisho lilikuja kueleza mazoea hayo ya sala.

Yesu anawezaje kuwa Mungu na mtu kwa pamoja?

Baada ya Nisea hili ndilo lililobaki. Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ulimpinga Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli, na kusema Maria aitwe Mama wa Mungu, kwa sababu aliyemzaa ni mmoja, si wawili waliounganishwa. Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 ulisema Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, zisizochanganyika wala kutengana.

Hapo Kanisa lilipasuka. Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria wengi walikataa maneno "asili mbili" kwa kuona yanamgawanya Kristo. Pamoja na teolojia palikuwa na siasa na uchungu dhidi ya Konstantinopoli. Miaka zaidi ya 1,500 ilipita. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini ungamo la pamoja juu ya Kristo. Mwaka 1994 Yohane Paulo II alifanya hivyo na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Mashariki, waliohesabiwa kuwa upande wa Nestori. Kumbe kwa sehemu kubwa walikuwa wakisema jambo moja kwa misamiati tofauti. Inahuzunisha ukifikiria waliofukuzwa na kufungwa kwa ajili ya misamiati hiyo.

Je, Ukristo ni dini ya Wazungu?

Ukitazama ramani ya karne zake za kwanza huwezi kusema hivyo. Armenia, kwa mapokeo yake, ilikuwa ufalme wa Kikristo mwanzoni mwa karne ya 4. Katika karne hiyohiyo mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alipokea imani, akisaidiwa na Frumentius aliyewekwa wakfu na Atanasi, na sarafu zake zinasimulia: za mwanzo zina alama ya mwezi mwandamo na duara, za baadaye zina msalaba. Falme za Nubia zilifuata katika karne ya 6. Wakristo wa Kisiria walifika mji mkuu wa China mwaka 635, wakiongozwa na Alopen, na jiwe waliloliandika mwaka 781 bado lipo Xi'an. Lithuania ya Ulaya ilikuja kubatizwa rasmi mwaka 1387, zaidi ya miaka 1,000 baada ya Aksum.

Hata teolojia ya Ulaya yenyewe ilijengwa na Waafrika wa kaskazini. Augustino alizaliwa mwaka 354 Tagaste, katika Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo, na hakuna mwandishi wa Kilatini aliyeathiri Ukristo wa magharibi kuliko yeye. Utawa nao ulichipua jangwani Misri, kwa Antoni na Pakomi.

Swali lina chanzo chake, hata hivyo. Katika karne za ukoloni watu wengi waliletewa imani na watu wa mataifa yaliyowatawala, ikiwa imefungwa pamoja na mavazi, majina na dharau ya mleta habari. Lawama hiyo ni ya haki. Ila inawahusu wabebaji. Asili ya imani ni jambo lingine.

Wakatoliki na Waorthodoksi walitengana lini?

Vitabu hutaja mwaka 1054, Kardinali Humbert, mjumbe wa Roma, alipoweka hati ya kumtenga Michael Cerularius, Patriarki (askofu mkuu) wa Konstantinopoli, juu ya altare ya Hagia Sophia, kanisa kuu la mji huo, naye Patriarki akajibu kwa namna ileile. Ukweli ni kwamba walikuwa wanaachana kidogokidogo kwa karne nyingi. Wa magharibi walitumia Kilatini, wa mashariki Kigiriki. Wa magharibi waliongeza katika Kanuni ya Imani kwamba Roho hutoka kwa Baba "na Mwana". Roma ilidai mamlaka juu ya makanisa yote, mashariki ikaipa heshima ya kwanza bila utawala. Kidonda kilichoua udugu hasa ni mwaka 1204, askari wa Vita vya Msalaba walipoiteka na kuipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Hukumu za kutengana za 1054 zilifutwa kwa tamko la pamoja mwaka 1965, lakini ushirika wa meza moja bado.

Na Waprotestanti?

Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu Wittenberg, alitoa hoja 95 za kupinga biashara ya rehema, yaani vyeti vilivyouzwa kwa ahadi ya kupunguza adhabu ya dhambi. Fedha zilichangia ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro. Nyuma ya hasira yake palikuwa na ugunduzi aliousoma kwa Paulo: mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, kwa neema, bila kuinunua. Uchapaji ulisambaza maandishi yake haraka kuliko alivyotazamia.

Zwingli huko Zürich na Calvin huko Geneva walikwenda mbali zaidi yake. Wanabaptisti wa mwanzo, waliobatiza watu wazima tu, waliteswa na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Uingereza ilijitenga na Roma mwaka 1534 kwa sheria iliyomfanya mfalme Henry VIII mkuu wa Kanisa. Kanisa Katoliki lilijibu kwa Mtaguso wa Trento, kuanzia 1545 hadi 1563, likirekebisha nidhamu na kusimama imara katika mafundisho yake. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko kwamba juu ya kuhesabiwa haki wanakubaliana katika mambo ya msingi.

Wapentekoste walitoka wapi?

Mizizi yao iko katika uamsho wa utakatifu wa karne ya 19. Tukio linalokumbukwa zaidi ni mikutano ya mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, iliyoongozwa na William Seymour, mhubiri mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Weusi na weupe walisali pamoja katika nchi iliyowatenga kwa sheria na desturi. Wapentekoste wanasisitiza ubatizo wa Roho, kunena kwa lugha na uponyaji.

Wakristo wanaposema "wokovu" wanamaanisha nini?

Wanamaanisha kwamba binadamu amejitenga na Mungu, hawezi kujirudisha mwenyewe, na Mungu amemfuata alipo. Kwa nini ilibidi Kristo afe? Hapa hakuna jibu moja lililotamkwa na mtaguso, na watu wengi hawajui hilo. Mababa wa mashariki, yaani walimu wa kale wa Kanisa huko, waliona msalaba na ufufuo kama kuvamiwa kwa kifo na kushindwa kwake kutoka ndani. Wokovu kwao ni kuponywa na kushirikishwa uzima wa Mungu. Anselm wa Canterbury, karne ya 11, aliuona kama kulipa heshima ambayo dhambi ilimnyima Mungu. Warekebishaji wa Kiprotestanti walisisitiza kwamba Kristo alibeba adhabu yetu. Maandiko yana lugha zote hizo: fidia, dhabihu, ushindi, upatanisho.

Ubatizo na Meza ya Bwana vina maana gani?

Ubatizo ni mlango wa kuingia: mtu anazikwa na kufufuka pamoja na Kristo kwa ishara ya maji. Makanisa mengi hubatiza watoto wachanga, mengine husubiri mtu akiri mwenyewe. Ekaristi, au Chakula cha Bwana, inarudia mkate na kikombe cha usiku wa kuamkia mateso. Wakatoliki na Waorthodoksi wanaamini mkate na divai huwa kweli mwili na damu ya Kristo. Walutheri wanakiri kwamba yumo kweli. Wengine huona ni ukumbusho.

Kwa nini Pasaka huhamahama, na wengine huiadhimisha siku tofauti?

Kwa sababu inafuata mwezi, kama Pasaka ya Wayahudi ambayo Yesu alisulubiwa wakati wake. Kanuni ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea Machi 21 au baada yake. Waorthodoksi wengi huhesabu kwa kalenda ya kale ya Julius, ambayo sasa iko nyuma siku 13 ya ile iliyotangazwa na Papa Gregory XIII mwaka 1582. Miaka mingine tarehe hukutana. Krismasi ilichelewa zaidi kuingia katika kalenda. Desemba 25 tunaiona Roma katika karne ya 4.

Vipi maovu yaliyofanywa kwa jina la Kristo?

Yalifanywa, na kuyapunguza ni kukosa adabu mbele ya waliouawa. Mwaka 1096 makundi ya Vita vya Msalaba yaliwaua Wayahudi wa mabonde ya Rhine hata kabla ya kuondoka Ulaya. Watu walichomwa moto kwa uzushi. Wafanyabiashara waliobatizwa waliwauza binadamu kuvuka bahari, na wahubiri waliwatafutia wafanyabiashara hao aya za kuwatetea. Waliopinga nao walitumia Biblia hiyohiyo: Gregori wa Nisa aliushambulia utumwa tangu karne ya 4, na Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, aliwauliza Wakristo wa Uingereza kama wamejifunza hayo kwa Mungu wao. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Wakristo ni wangapi leo?

Zaidi ya bilioni 2, karibu nusu yao Wakatoliki. Mwaka 1900 wengi waliishi Ulaya na Amerika Kaskazini. Sasa wengi wako Afrika, Amerika ya Kusini na Asia.

Nataka kusoma mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza na Marko. Ina sura 16 tu, na unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Isome kama mtu asiyejua mwisho wake, na uangalie ni nani anayemtambua Yesu: pepo wanamtambua, wanafunzi wanakosea kila mara, na anayesema mwishoni kwamba mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu ni akida wa Kirumi aliyesimamia kumsulubisha. Ukifika sura ya mwisho, fahamu kwamba katika nakala mbili za kale zinazothaminiwa sana, za karne ya 4, Injili hii inakoma kwenye aya ya 8: wanawake wamekuta kaburi wazi, wameambiwa amefufuka, nao wanakimbia wakitetemeka, wasimwambie mtu neno lolote.